Kucheza Maafa na Kuchezea Maafa

Kwa muda sasa limekuwapo swali linalotushughulisha sisi walimu wa Kiswahili wa hapa Gisenyi, wilayani Rubavu, nalo limeletwa na wanafunzi wetu wanaocheza mchezo wa kujenga mji kwa kompyuta. Je, ni halali mtu kuyafanya maafa kuwa mchezo wake? Na kama ni halali kwa mtu wa nchi zisizotikisika, je, ni halali pia kwa kijana aliyezaliwa karibu na mlima Nyiragongo, ambaye ukuta wa nyumba ya kwao ulipasuka mwezi wa Mei 2021? Baadhi ya wenzetu huliona swali hili kuwa dogo, lisilostahili kurasa za jarida la lugha. Sisi tunaliona kubwa, tena tunaona kwamba lugha yenyewe ina neno la kutusaidia kulichunguza.

Wasomaji wasioujua mchezo huu hawana budi kuelezwa kwanza. Unaitwa Cities: Skylines. Uliundwa na kampuni ndogo ya Ufini iitwayo Colossal Order, ukatolewa Machi 2015 na kampuni ya Paradox Interactive ya Uswidi. Mchezaji hupewa kipande cha ardhi tupu na kiasi cha fedha. Hupitisha barabara, hutenga viwanja vya makazi, vya biashara na vya viwanda, huleta umeme na maji, hujenga shule, zahanati na makaburi. Hapo watu huanza kuhamia wenyewe. Kila mkazi ana jina lake, nyumba yake na kazi yake. Hulipa kodi, huugua, huzeeka na hufa. Malalamiko yao humfikia mchezaji kwa kinywa cha ndege mdogo wa rangi ya buluu anayelialia juu ya kioo cha kompyuta. Mchezaji ndiye meya, lakini ni meya wa ajabu: hakupigiwa kura, hana baraza la madiwani, na akitaka kuibomoa mitaa mitatu ili apitishe barabara kuu hamwombi mtu ruhusa wala hamlipi fidia. Tena mchezo hauna mwisho. Hakuna siku ambayo meya huambiwa kwamba ameshinda.

Kwa kuwa mji huo haukamiliki, basi unaweza kuuzwa bila kukoma. Na ndivyo ulivyouzwa. Tangu mwaka ule wa 2015 wenye mchezo wamekuwa wakitoa masahihisho ya bure na, sambamba nayo, nyongeza za kulipiwa. Kwanza zikaja starehe za usiku na utalii, mwaka huo huo wa 2015. Kisha theluji, Februari 2016. Kisha maafa ya kimaumbile, Novemba 2016. Baadaye vyombo vya usafiri wa umma, bustani, viwanda, vyuo vikuu, viwanja vya ndege. Orodha hii inastahili kusomwa polepole, kwa sababu ndani yake mtu anaweza kuona mji unafikiriwaje na wale wanaouunda. Kazi ya uvuvi, kwa mfano, haikuingia katika mji huo hadi nyongeza ya mwaka 2020. Kwetu sisi, tunaoamka na kuona mitumbwi ya wavuvi wa sambaza ikirudi kutoka Ziwa Kivu, mji wa pwani uliokaa miaka mitano bila mvuvi ni kichekesho. Mchezo wa pili wa jina hilo hilo ulitolewa Oktoba 2023, na mwaka uliofuata wenye mchezo waliuza nyongeza ya nyumba za ufukweni; wanunuzi wakanung'unika kwamba nyumba zipo lakini ufuko wenyewe haupo, hata kampuni ikalazimika kuomba radhi na kurudisha fedha. Hayo tunayapita upesi, ingawa wenye viwanja kando ya ziwa letu wangecheka kuyasikia.

Linalotuhusu zaidi ni lile la Novemba 2016. Mji ulikuwa umeuzwa pasipo maafa, kisha maafa yakauzwa peke yake kwa wale waliokuwa tayari wamenunua mji. Mtu alitoa fedha zake ili mji wake mwenyewe upate kutetemeka, kufurikwa na mawimbi, kuungua misitu, kudidimia ardhi, kupigwa na kimbunga au na kimondo kutoka angani. Anaweza kuyaacha maafa yaje kwa bahati, au akayachagua katika orodha na kuyaelekeza mwenyewe mahali anapotaka. Anaweza pia kuyafunga yasije kabisa. Volkano haimo katika orodha hiyo, jambo ambalo wanafunzi wetu waliligundua siku ya kwanza, wengine kwa kusikitika.

Hapa ndipo tunapotaka kuingiza somo la sarufi. Kitenzi *kucheza* huchukua mchezo wenyewe kuwa yambwa: mtoto hucheza mpira, hucheza bao, hucheza ngoma. Kikitiwa kauli ya kutendea huwa *kuchezea*, na kila mwalimu anajua kwamba kauli hii ina matumizi mengi. Mtu huchezea timu, yaani kwa niaba yake. Watoto huchezea uani, yaani mahali hapo. Kipande cha mti huwa kitu cha kuchezea. Lakini liko tumizi jingine lililo zito kuliko hayo, pale tunaposema mtu anachezea moto, au tunapomwambia mwenzetu kwa ukali: "Usinichezee!" Hapo kauli ya kutendea imebeba dharau. Kinachochezewa kimeondolewa heshima yake. Katika Kinyarwanda maana hiyo huletwa na kauli ya kusababisha, *gukinisha*, na ndiyo sababu wanafunzi wetu huandika "kuchezesha moto" nasi tukawasahihisha kila mwaka, tukiwaeleza kwamba katika Kiswahili anayechezesha ni mwamuzi wa mpira.

Kwa hiyo swali letu linagawanyika. Kucheza maafa ni jambo moja, kuchezea maafa ni jingine. Anayeyacheza ameyafanya kuwa mchezo wenye kanuni, wenye hofu yake na hasara yake, na yeye mwenyewe yumo ndani yake. Anayeyachezea amesimama nje akiyafanya kitu kidogo cha kumpumbaza. Kijana anapobofya tetemeko na kuliweka juu ya mtaa aliojenga wiki nzima, je, anacheza au anachezea?

Wazee wengi wa hapa, tukiwauliza, hujibu bila kusita kwamba anachezea. Hoja yao si ya kupuuzwa. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua ilinyesha katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, mafuriko na maporomoko ya ardhi yakaua watu zaidi ya 130, na hapa Rubavu mto Sebeya ukatoka katika njia yake ukaingia majumbani. Mtu aliyemzika jirani yake wiki ile hawezi kupendezwa kumwona mwanawe akicheka mbele ya mawimbi ya kompyuta. Wazee husema kwamba msiba hauna mfano wake wa kuchekea. Tunauheshimu msimamo huo, nasi tunakiri kwamba historia ya michezo hii inaupa nguvu.

Mchezo uliokuwa mama wa yote haya ni SimCity, uliotolewa Marekani mwaka 1989 na kampuni ya Maxis. Aliyeubuni, Will Wright, alikuwa amekwisha kuunda mchezo wa helikopta inayoshambulia visiwa kwa mabomu, uliotoka mwaka 1984, akaona kwamba kuvijenga visiwa vile kulimfurahisha kuliko kuvibomoa. Kutokana na furaha hiyo ukazaliwa mchezo wa kujenga miji. Hata hivyo ubomoaji haukuachwa nyuma. Pamoja na mchezo ule ilitolewa miji iliyokwisha kutayarishwa, kila mmoja na tatizo lake. Mmoja ulikuwa San Francisco wa mwaka 1906, mara tu baada ya tetemeko lililoua watu wapatao 3,000. Mwingine ulikuwa Hamburg wa mwaka 1944, chini ya mabomu. Mchezaji alipewa miaka michache aujenge upya.

Tuutazame mji huo wa Hamburg. Mashambulizi makubwa yaliyoichoma Hamburg yalikuwa ya Julai 1943, nayo yaliua makumi ya maelfu ya watu. Katika mchezo mabomu hayo yanaanguka kama mvua, yaani hakuna aliyeyatuma wala aliyeamua. Tetemeko halina nia. Bomu lina nia ya mtu. Kuyaweka yote mawili katika orodha moja ni kusema kwamba mauaji ni hali ya hewa. Sisi wa Rwanda hatuwezi kulipita jambo hili kimyakimya. Hatungekubali, wala hatudhani kuna mwalimu angekubali, Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yafanywe mji wa mazoezi ambao mchezaji huukuta umeharibika akapewa miaka mitano ya kuustawisha. Hapo neno ni kuchezea, na mjadala umekwisha.

Lakini maafa ya kimaumbile hayamo katika hukumu hiyo, na tungekosea tukiyafuta pamoja. Watoto wamecheza maafa tangu zamani. Watoto wa pwani hujenga nyumba za mchanga wakingoja maji yajae yazibomoe, na wa kwetu hapa huzijenga kwa mchanga wa ziwa. Watoto hucheza ugonjwa na uganga, hata mazishi wameyacheza, na mtu mzima anayewatazama kwa makini huona kwamba wako katika hali ya bidii, pengine kuliko wakiwa darasani. Mtoto huyacheza yale yanayomtisha ili ayazoee kwa kadiri anayoiweza. Baada ya matetemeko ya Mei 2021 tuliwaona wadogo kabisa wakicheza "tetemeko" uani mwa shule: mmoja alipiga kelele, wengine wakakimbia kutoka ukutani hadi katikati ya uwanja, kisha wakarudia. Nani angewaambia kwamba wanachezea?

Tena mchezo ule wa kompyuta, pamoja na maafa, uliuza maandalizi. Hili wazee hawalijui, nasi hatukulijua mpaka wanafunzi walipotuonyesha. Meya anaweza kujenga vituo vya kupima mitetemo ya ardhi, maboya ya kutambua mawimbi, minara ya kulinda misitu, na mlingoti wa redio wa kuwatangazia wakazi. Anaweza kujenga makimbilio yenye akiba ya maji na chakula, akapanga mabasi ya kuwachukua watu, na baada ya maafa akatuma vikosi vipekue vifusi kutafuta walio hai. Kila kitu kati ya hivyo kina gharama yake, na gharama hiyo haikomi: mwaka wenye amani hudaiwa sawasawa na mwaka wa balaa. Meya kijana hushawishika kupunguza.

Ushawishi huo si wa kwenye mchezo tu. Mlima Nyiragongo una watazamaji wake, nao ni Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma. Mlima ulipopasuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021 wakazi hawakuwa wametangaziwa lolote. Baadaye ikajulikana kwamba ufadhili uliokuwa ukikisaidia kituo hicho ulikuwa umekwisha mwaka uliotangulia, na kwamba kwa miezi kadhaa watazamaji walikuwa hawana hata fedha za kulipia intaneti ya kupokelea habari za vyombo vilivyowekwa mlimani. Sasa mwanafunzi wa kidato cha pili ambaye amepunguza bajeti ya kituo chake cha mitetemo ili ajenge kiwanja cha michezo, kisha akaona mtaa wake ukianguka bila king'ora kulia, ameelewa kitu ambacho magazeti yalikieleza kwa safu nyingi. Tunaweza kusema bila wasiwasi kwamba huyo amecheza maafa, hakuyachezea.

Kama mambo yangeishia hapo tungeutetea mchezo na kuwapa wazee pole. Lakini kuna msichana mmoja, mwanafunzi wetu, ambaye nyumba ya kwao ilikuwa kando ya Sebeya na ilichukuliwa na maji Mei 2023. Siku moja wavulana wa darasa lake walikuwa wamezunguka kompyuta, mawimbi yakipanda juu ya mtaa wa nyumba za ghorofa, wakishangilia. Yeye hakukasirika, jambo ambalo tulikuwa tukiliogopa. Alisimama nyuma yao akauliza:

"Hawa watakwenda kwa nani?"

Mvulana aliyeshika kipanya akamwonyesha jengo la makimbilio. "Watakwenda pale. Kuna nafasi ya kutosha."

"Nimeuliza kwa nani. Sisi tulikwenda kwa shangazi."

Mvulana hakuwa na la kujibu, na tulipoyatafakari maneno hayo tuliona kwamba hata waliouunda mchezo wasingekuwa nalo. Kiswahili hutenganisha mambo mawili ambayo mwenye haraka huyachanganya. *Watakwenda wapi?* huuliza mahali. *Watakwenda kwa nani?* huuliza mtu. Mchezo una jibu kamili, la kihesabu, kwa swali la kwanza: jengo, idadi ya vitanda, urefu wa njia ya basi. Swali la pili halimo ndani yake kabisa, wala halikuletwa na nyongeza yoyote kati ya zile zote zilizouzwa. Wakazi wale wana majina na nyumba, lakini hakuna kati yao aliye na shangazi mtaa wa pili ambaye mlango wake unaweza kubishwa saa nane za usiku.

Nasi tunaona kwamba hapa ndipo lilipo kosa la mchezo, wala si katika kule kuonyesha nyumba zikianguka. Katika mchezo maafa ni mtihani wa meya. Meya ameweka vituo au hakuweka, ana fedha au hana. Wakazi hungoja kuokolewa. Lakini mtu aliyeishi Gisenyi anajua kwamba maafa humfikia jirani kabla ya kumfikia meya, na jirani ndiye anayetahiniwa kwanza.

Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ulitoa zaha iliyopita katikati ya jiji la Goma, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikaendelea mpaka ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, na wengi wao walikuja upande huu, kwa maana Goma na Gisenyi ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Mtu huvuka kwa miguu. Walikuja na magodoro vichwani, na mbuzi, na wagonjwa migongoni. Hapakuwa na jengo lolote la kuwatosha. Walilala barazani, makanisani, misikitini, vibarazani mwa maduka, na katika vyumba vya watu ambao jana yake walikuwa wakibishana nao bei ya nyanya.

Mwaka 2021 mambo yalikuwa magumu zaidi kwa namna nyingine. Usiku ule wa tarehe 22 Mei maelfu walivuka tena. Zaha ilisimama kabla ya kulifikia jiji, wengi wakarudi. Kisha ardhi ikaanza kutikisika siku baada ya siku, mitetemo mingine ikapita kipimo cha 5, nyufa zikakata barabara na majumba ya mji wetu, na tarehe 27 Mei wakazi wa sehemu kubwa ya Goma wakaamriwa kuondoka. Safari hii mwenyeji naye alikuwa amelala nje. Tunazikumbuka familia za hapa zilizotandika mikeka uani kwa kuogopa kuta zao, na juu ya mikeka hiyo hiyo wageni wakaongezwa. Hakuna kanuni ya mchezo tunayoijua ambayo ingeweza kulihesabu jambo hilo. Makimbilio yaliyobomoka huhesabiwa kuwa hayana nafasi hata moja.

Mji wa mchezo, kwa haki yake, una majirani. Pembeni mwa ramani barabara na reli hutoka kwenda miji mingine, na kutoka huko huja bidhaa, watalii na wahamiaji. Huo ni ujirani wa biashara, nasi hatuudharau, kwa kuwa kabla ya janga la Korona la mwaka 2020 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakivuka mpaka wetu mdogo, Petite Barrière, kila siku ya Mungu, wakiuza mboga, maziwa, vitenge na sabuni. Lakini jirani wa mchezo haungui. Mji ule ulio nje ya ramani hautikisiki kamwe, na wakazi wake hawatafika mpakani usiku wakiomba maji ya kunywa. Meya hajawahi kuulizwa kama atafungua.

Wala si hospitali na magari tu yaliyohitajika mpakani katika siku zile. Watu walihitaji kuelewana. Sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Rwanda ilipitishwa mwaka 2017, lakini mwaka 2002 Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufanya kazi hiyo pale kizuizini bila kungoja sheria. Aliyetoka Goma aliuliza kwa Kiswahili cha Goma, aliyempokea akajibu kwa Kiswahili cha sokoni Gisenyi, chenye makosa ambayo sisi walimu tungeyatia wino mwekundu, na mtoto mwenye homa akapelekwa anakotakiwa. Tunapowafundisha vijana kwamba lugha hii ni ya Afrika Mashariki nzima, hatuna mfano bora kuliko huo.

Liko jambo jingine lililotajwa sana katika majadiliano yetu, nalo ni ule uwezo wa mchezaji kuuhifadhi mji wake kabla ya maafa na kuurudisha baadaye ulivyokuwa. Wenzetu wengine waliona kwamba hapo ndipo penye uharibifu wote, kwa kuwa mtoto hufundishwa kwamba kila kitu chaweza kurudishwa. Sisi hatukushawishika sana. Mtoto wa miaka kumi anajua kwamba bibi yake aliyekufa hatarudi. Kompyuta haimdanganyi katika hilo. Hata nyumba ya mchanga hujengwa tena kesho. Kurudia ni sehemu ya kila mchezo, na mchezo usiorudiwa si mchezo.

Tulijiuliza, basi, kama kuna namna ya kuucheza mji ambayo ingempa nafasi huyo shangazi. Mfano mmoja tunao hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2012 shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, ambalo makao yake makuu yako Nairobi, lilishirikiana na Mojang, waundaji wa mchezo wa Minecraft wa Uswidi, katika mpango ulioitwa Block by Block. Kiwanja cha kwanza kujaribiwa kilikuwa uwanja wa michezo wa Silanga, huko Kibera. Uwanja ule uliundwa ndani ya kompyuta kwa vipande vya mraba, na vijana wa mtaa wakakaa pamoja kuonyesha wanataka nini kiwe wapi, kabla ya mtu yeyote kushika sepetu. Tofauti yake na mchezo wetu haiko katika kompyuta. Iko katika kwamba waliokuwa wameshika kipanya ndio watakaokanyaga uwanja huo, tena walikuwa wengi, na mmoja alipotaka kuweka ukuta mwenzake aliweza kumwambia kwamba anampitia njia.

Hatuna mpango kama huo hapa shuleni, wala kompyuta za kutosha. Tulichofanya ni zoezi la insha. Kabla ya kikundi kuruhusiwa kubofya maafa, kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua nyumba moja katika mji wao, asome jina la mkazi lililoandikwa pale, kisha aandike kurasa mbili katika nafsi ya kwanza kujibu swali la yule msichana: nitakwenda kwa nani? Tuliwakataza kuandika neno "makimbilio". Matokeo yalikuwa ya kila aina, kama ilivyo kawaida ya insha. Wengine walibuni mjomba tajiri mwenye nyumba ya ghorofa kando ya ziwa. Wengine walimaliza kurasa zote mbili kwa kueleza safari, na mwenyeji hakuonekana mpaka mstari wa mwisho. Vikundi viwili vilipomaliza kusomeana insha vilikataa kubofya, nasi hatukuwalazimisha. Kikundi kimoja kilibofya mara tatu.

Mwisho wa muhula tuliwataka waandike barua kwa waundaji wa mchezo, za mazoezi tu, wapendekeze nyongeza ambayo haijauzwa bado. Walipendekeza volkano, bila shaka. Lakini meza ya yule msichana ilipendekeza "nyongeza ya shangazi", na wakaorodhesha mahitaji yake: unga, blanketi, sabuni, ada za watoto walioongezeka, na meya wa kumrudishia angalau nusu ya gharama. Mmoja wao akaandika chini kabisa kwamba shangazi apewe pia haki ya kusema nyumba imejaa. Juu ya hilo walibishana kipindi kizima. Wengine walisema asiyeweza kukataa hakukaribisha, ameshurutishwa tu. Msichana mwenyewe alishikilia kwamba shangazi yake alikuwa na watoto saba katika vyumba viwili na hakulitamka neno hilo. Hawakukubaliana, nasi hatukuwakatia shauri. Barua ilipelekwa ubaoni ikiwa na sentensi ile ndani yake, na alama ya kuuliza pembeni.